Simu mbili, ramani moja: moja inasema niko getini, nyingine inasema niko ziwani

#1 MamaKeki_Igogo
Habari zenu wadau. Naoka keki hapa Mwanza na kupeleka mwenyewe kwa pikipiki, boksi nyuma. Nina simu mbili. Ya kwanza ya zamani, niliinunua laki moja na themanini, kioo kimepasuka kona. Ya pili mpya, laki sita na nusu, kamera tatu mgongoni. Zote zina programu ileile ya ramani.

Ijumaa nilikuwa na keki ya sendofu, Luchelele. Mteja katuma lokesheni. Nikabandika simu mpya kwenye kishikio cha usukani, nikaifuata. Nilipopita Malimbe mshale ukaanza kuzunguka kama kuku aliyechinjwa. Mara niko barabarani, mara niko majini. Nafika ufukweni inaniambia niendelee mbele mita 60. Mbele yangu ni maji na mtoto anaosha baiskeli, ananishangaa. Nikatoa ile ya laki moja na themanini kwenye pochi, ikanifikisha getini. Krimu ilishaanza kuteremka, nikakatwa elfu kumi na tano.

Kwa nini simu ya bei mbaya ishindwe na ya bei chee? Na nikibadilisha ninunue ipi? Msiniambie iPhone, hela hiyo sina.

#2 Ngosha_Pasiansi
iPhone.

#3 BodaNyegezi
Pole dada. Kijiweni kwetu ugonjwa huo tunaujua. Kishikio chako ni cha kubana au cha sumaku? Mimi nilinunua cha sumaku, nikakipenda kwa kuwa simu inaingia na kutoka haraka abiria akipiga. Wiki nzima mshale ukaniambia Buzuruga iko upande wa Usagara. Nikarudi kwenye cha kubana, mshale ukapona.

Na wewe Ngosha, iPhone kwenye usukani wa pikipiki ni kuitafutia msiba. Apple wenyewe walitoa tahadhari 2021 kwamba mtetemo wa injini ya pikipiki unaweza kuharibu kamera zenye kifaa cha kujituliza. Uitingishe simu ya milioni mbili kwenye makorongo ya Buswelu halafu uje kulia hapa.

#4 Mkerewe_Mtulivu
Nimeweka kiti.

#5 Fundi_Makoroboi
BodaNyegezi yuko sahihi nusu. Watu wanachanganya vitu viwili. Kuna kipokezi cha GPS, hicho kinakwambia uko wapi. Kuna dira, hiyo inakwambia umeelekea wapi. Sumaku inavuruga dira, kipokezi haikigusi.

Sasa simu nyingi za bei ya chini hazina dira kabisa, mtengenezaji kaiacha ili bei ishuke. Mshale wake unakisia mwelekeo kwa kuangalia unavyosogea. Ukisimama unaduwaa, ukienda mita ishirini unakaa sawa. Kwa hiyo dada, simu yako ya laki moja na themanini haikuchanganywa na sumaku kwa sababu haina cha kuchanganywa. Umasikini wake ndio uliomwokoa bibi harusi.

#6 MamaKeki_Igogo
Nimecheka peke yangu jikoni. Ni kweli kishikio ni cha sumaku. Lakini Fundi, mshale nakubali. Mbona na ile doti yenyewe ilikuwa majini? Hiyo si mwelekeo, hiyo ni mahali.

#7 Fundi_Makoroboi
Hapo umeniweza. Duara la bluu kuzunguka doti lilikuwa dogo au kubwa?

#8 Ngosha_Pasiansi
Mnazunguka bure. Ni mawe. Mwanza nzima imekaa juu ya mawe na mawe yana chuma. Setelaiti inachanganyikiwa. Hata redio inakoroma ukipita nyuma ya kilima cha Bugando.

#9 Mwl_Butimba
Ngosha, mawe yetu mengi ni matale, yaani graniti, na chuma chake ni kidogo. Halafu hata yangekuwa na chuma, ungepotea mshale tu, kama Fundi alivyosema #5.

Ila jiwe linaweza kusumbua kwa njia nyingine. Setelaiti za GPS ziko juu kilomita 20,200 hivi na mawimbi yake yakifika chini ni dhaifu sana. Simu inapima muda ambao wimbi limesafiri kutoka kwenye setelaiti angalau 4, ndipo inajua ilipo. Wimbi likigonga jabali kwanza ndipo lije kwako, limechelewa, na simu inadhani setelaiti iko mbali zaidi. Doti inaruka. Ndiyo maana ukiwa kwenye vichochoro vya Mabatini, kati ya jabali na ukuta wa jirani, doti inahama nyumba tatu.

#10 Ngosha_Pasiansi
Kwa hiyo ni mawe. Asante Mwalimu kwa kuniunga mkono.

#11 Mwl_Butimba
Sijakuunga mkono.

#12 Mchimbaji_Geita
Naongezea kwenye hilo la chuma. Huku kwetu Geita dhahabu iko kwenye miamba ya mistari mistari yenye chuma kweli, na dira ukiiweka juu ya mwamba wa namna hiyo inakugeuka. Tulikuwa na kijana anatafuta mpaka wa leseni kwa dira ya simu, akatembea mpaka kwenye shamba la mihogo la mtu. Alipoacha dira akafuata namba za GPS akarudi vizuri. Kwa Mwanza mjini sijui mawe yenu, mimi huwa nakuja kununua spea tu.

#13 BodaNyegezi
Fundi, ile ya kuchora nane hewani na simu inasaidia au ni uganga?

#14 Fundi_Makoroboi
Si uganga. Dira inajipanga upya ukiizungusha pande zote. Ila ukishamaliza kuchora nane ukairudisha kwenye sumaku, umefagia huku upepo unavuma.

#15 Binti_Sengerema
Yangu tofauti kidogo. Mimi nafanya kazi mjini, kwetu Sengerema. Nilishusha ramani ya nje ya mtandao muda mrefu, sikuwahi kuisasisha. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, magari yanapita. Ramani yangu ikang'ang'ania nipange foleni ya kivuko. Nilipopanda darajani doti ikawa inaelea ziwani peke yake, na sauti inaniambia nigeuze gari mahali salama. Nigeuze wapi, katikati ya Ghuba ya Mwanza?

Kwa hiyo MamaKeki, huenda si simu. Simu moja ina ramani mpya, nyingine ina ramani ya zamani uliyoshusha.

#16 MamaKeki_Igogo
Binti, hiyo inawezekana kwa barabara. Lakini mimi sikuwa darajani, nilikuwa kwenye vumbi.

Fundi, duara lilikuwa kubwa, limefunika mpaka nyumba za watu.

#17 Fundi_Makoroboi
Basi simu mpya haikuwa imeshika setelaiti sawasawa. Ilikuwa inakisia kwa minara ya simu. Mnara mmoja uko upande huu, mwingine ng'ambo ya ghuba, simu inapiga hesabu inakutupa katikati, na katikati pale ni maji. Ingia kwenye setingi uangalie mambo mawili. Kwanza hali ya kubana chaji, ikiwashwa simu nyingine zinapunguza GPS. Pili ruhusa ya mahali: tangu Android 12 ya 2021 simu inakuuliza kama unaipa programu mahali hasa au mahali pa kukadiria. Watu wanabonyeza tu. Ukibonyeza kukadiria, unapelekwa mtaa, hupelekwi geti.

#18 MamaKeki_Igogo
Nimeangalia sasa hivi. Mahali hasa imewashwa. Kubana chaji imezimwa. Haya, niambieni kingine.

#19 Ngosha_Pasiansi
Mawe.

#20 Dada_Kisesa
Bando lilikuwepo? Maana GPS inakula bando, likiisha inakata.

#21 Mwl_Butimba
Hapana Dada Kisesa. GPS haili bando hata senti. Simu inasikiliza tu, kama redio. Kinachokula bando ni picha za ramani zinazoshuka na hesabu za njia. Ukishashusha ramani kabla, unaweza kuzima data ukaenda mpaka Ukara.

#22 BodaNyegezi
Mwalimu ni kweli, ila bila data GPS inachelewa kuamka. Asubuhi nikiwasha simu bila bando doti inakaa inatafuta mpaka abiria anapanda ya jirani.

#23 Fundi_Makoroboi
Wote mko sawa. Simu ikiwa na mtandao inashusha ratiba ya setelaiti, kila moja iko wapi saa hii, kwa sekunde chache. Bila mtandao lazima isubiri setelaiti zenyewe zitangaze, na zinatangaza polepole: kama nusu dakika kwa kila setelaiti ukiwa mahali pa wazi umetulia, na orodha nzima ya setelaiti zote inachukua dakika 12 na nusu. Ukiwa unatembea chini ya miembe na mabati, wimbi linakatika, inaanza upya. Na ratiba ikishashushwa inafaa kwa saa chache tu.

#24 MamaKeki_Igogo
Mungu wangu. Bando liliisha nikiwa Mkuyuni.

#25 Binti_Sengerema
Kesi imefungwa.

#26 Dada_Kisesa
Haijafungwa. Hata ile simu ya zamani haikuwa na bando, au? Mbona ilifika?

#27 MamaKeki_Igogo
Ya zamani haina hata laini. Nawashia intaneti ya nyumbani asubuhi nikiangalia oda, basi.

#28 Fundi_Makoroboi
Labda asubuhi ilishashika setelaiti, ikaondoka na ratiba yake. Mpya ikalala mpaka barabarani. Nasema labda.

#29 Mzee_wa_Mwaloni
Vijana hamjambo. Nimesoma kimya. Sisi wa majini simu ya bei kubwa hatuitaki, ikianguka imekwenda. Nilikuwa na boti ya kukusanya sangara visiwani. Mtandao unakufa ukiacha visiwa nyuma, lakini GPS ndipo inapopata raha, hakuna mti wala bati. Naweka alama nilipotega makila, zile nyavu za sangara, jioni, alfajiri narudi na kuyakuta, labda yawe yamesukumwa na upepo.

Kuna jambo hamjalisema. Mpaka wetu na Uganda humo ziwani umenyooka kwenye nyuzi 1 kusini ya ikweta. Hauonekani, hakuna boya. Mimi sitazami picha ya ramani, natazama namba za nyuzi. Mwanza mjini inasoma 2 na nusu hivi. Ukienda kaskazini inapungua: 2, 1.8, 1.5. Ikifika 1.1 nawaambia vijana geuza, maana nyuzi moja ni kilomita 111 lakini hiyo sehemu ya kumi iliyobaki injini inaimaliza haraka, na ukikamatwa ng'ambo, boti na nyavu ni vya watu. Simu ya kijana wangu ilikuwa na skrini imekufa nusu, lakini nusu iliyobaki ndiyo ilikuwa na namba. Tuliipenda sana.

#30 BodaNyegezi
Shikamoo mzee. Hiyo ya namba nimeinyakua.

#31 Mzee_wa_Mwaloni
Marahaba mwanangu.

#32 Mkerewe_Mtulivu
Mzee umenitoa kwenye kiti. Sisi wa Ukerewe tukivuka Rugezi kwenda Kisorya tunachungulia GPS ili kujua kivuko kimebakiza kiasi gani, wakati ng'ambo tunaiona kwa macho. Binadamu bwana.

#33 Ngosha_Pasiansi
Mzee, huogopi setelaiti inakuona uliko? Hao wanajua kila makila yako.

#34 Mwl_Butimba
Setelaiti ya GPS haimwoni mtu, Ngosha. Inatangaza saa na mahali pake, basi. Haijui kama uko hai. Anayekutangaza ni programu ndani ya simu yako kupitia mtandao. Kuna kitu kimoja Marekani walikuwa wanafanya kweli: walikuwa wanaharibu makusudi mawimbi ya raia, unakosea kama mita 100. Waliacha Mei 2000. Na siku hizi simu inasikiliza na GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China.

#35 Dada_Kisesa
Nina Huawei mpya ya kaka yangu toka nje, haina GPS kabisa. Msinunue hizo.

#36 Fundi_Makoroboi
Dada hapana, GPS inayo. Ilichokosa ni huduma za Google. Marekani iliifungia 2019, simu zao mpya baada ya hapo zinatoka bila Google Maps ya kawaida. Wana ramani yao, Petal Maps, ya 2020. Au weka Organic Maps au OsmAnd, hizo zinatumia OpenStreetMap, zinafanya kazi bila mtandao na bila akaunti.

#37 Dada_Kisesa
Kumbe. Nimeitukana bure mwaka mzima.

#38 Binti_Sengerema
OpenStreetMap hata wewe unaweza kuchora. Mkoa wa Mara watu wa kujitolea wamechora vijiji vingi humo, wasichana wanaokimbia kukeketwa wafikiwe usiku. Mimi nimeongeza njia ya nyuma ya shule yetu na kisima. Kila nikipita najiona meneja wa ardhi.

#39 Mwl_Butimba
Narudi kwa MamaKeki, kuna maelezo hayajatajwa. Ziwa lenyewe linasogea. 2020 maji yalipanda kufikia kimo ambacho hakikuonekana tangu 1964, na 2024 yakapanda tena. Luchelele ni chini. Ufukwe kwenye ramani na ufukwe wa kweli si mmoja.

#40 Mchimbaji_Geita
Mwalimu, pima tena. Kama ramani ni ya zamani na maji yamepanda, basi yeye akiwa amelowa magoti ramani ingemwonyesha yuko nchi kavu. Kwake ni kinyume: yuko kwenye vumbi, ramani inasema maji.

#41 Mwl_Butimba
Nakubali, nimejikwaa. Labda ufukwe ulichorwa kutoka picha ya wakati maji yamejaa, kisha yakarudi.

#42 Mchimbaji_Geita
Labda. Lakini simu zote mbili zina programu moja na ramani moja. Ufukwe ungekosea kwa zote.

#43 Ngosha_Pasiansi
Mwalimu kapigwa na mchimbaji. Mawe yanaongoza 1–0.

#44 BodaNyegezi
Tukubaliane jambo moja: hata ramani ikiwa sahihi mia kwa mia, Mwanza inakudanganya. Juzi abiria wa Isamilo, simu inasema mita 200. Ni kweli mita 200, ila kwenda juu. Ngazi za mawe, mbuzi wanapumzika njiani. Nikazunguka kilomita mbili na pikipiki. Simu inahesabu kama ndege, sisi tuna magoti.

Na mteja naye. Namuuliza uko wapi, ananiambia "ukifika kwenye jiwe kubwa". Jiwe kubwa, Mwanza!

#45 Dada_Kisesa
Si 2022 tuliwekewa vibao vya mitaa na namba za nyumba? Kuna na programu ya NaPA, unaandika anwani inakupeleka.

#46 BodaNyegezi
Vibao vipo. Muulize mtu namba ya nyumba yake uone. Anatoka nje kuisoma, anarudi anasema imefunikwa na kanga.

#47 MamaKeki_Igogo
Wadau tumepotea njia kama mimi Ijumaa. Ninunue ipi?

#48 Fundi_Makoroboi
Usitazame kamera. Dukani, kabla hujatoa hela, omba wakuruhusu kuweka programu ya kupima setelaiti, mfano GPSTest, utoke nje ya duka nayo. Chini ya bati utaionea bure. Hesabu setelaiti zinazotumika, si zinazoonekana. Kisha angalia kama ina dira. Kama mfuko unaruhusu, tafuta yenye masafa mawili ya mawimbi ya GPS, L1 na L5. L5 inavumilia zaidi mawimbi yanayogonga majabali. Xiaomi Mi 8 ndiyo ilianza nayo 2018, iPhone wakaiweka kwenye 14 Pro 2022, na siku hizi ipo hata kwenye baadhi ya simu za kati. Ila soma karatasi ya modeli yenyewe, maana jina moja linaweza kuuzwa na chipu tofauti nchi tofauti.

#49 Mchimbaji_Geita
Mimi nampinga Fundi kidogo. Kwa keki hahitaji L5. Simu ya kawaida mahali pa wazi inakosea kama mita 5, geti la Luchelele lina upana gani? Atupe kile kishikio, anunue bando, hela inayobaki aweke boksi lenye barafu.

#50 Binti_Sengerema
Au aendelee na ya laki moja na themanini. Haijawahi kumkosea.

#51 MamaKeki_Igogo
Mrejesho. Leo nimeenda tena Luchelele, palepale, mtoto wa baiskeli yupo. Bila sumaku. Bando gigabaiti mbili. Simu mpya: doti iko nchi kavu, duara dogo. Nikasema alhamdulillah. Nikatoa ya zamani nilinganishe: iko ziwani, kama mita 30 ndani.

#52 Mkerewe_Mtulivu
😂😂😂 Narudi kwenye kiti.

#53 Fundi_Makoroboi
Ya zamani asubuhi uliiwasha?

#54 MamaKeki_Igogo
Nilisahau. Ilikuwa na asilimia 9 za chaji pia.

#55 Ngosha_Pasiansi
Mwalimu andika ubaoni: M-A-W-E.

#56 Mwl_Butimba
Jumamosi tukutane tupime kwa pamoja. Kila mtu aje na simu yake, mahali pamoja, dakika moja, tuandike namba. Mzee wa Mwaloni awe mwamuzi. Kamanga, saa 4 asubuhi, karibu na kivuko.

#57 Mzee_wa_Mwaloni
Nitakuja, mkininunulia chai.

#58 BodaNyegezi
Nipo. Fundi njoo na GPSTest yako.

#59 Binti_Sengerema
Nipo pia. Kamanga ipi lakini, ya mjini au ya ng'ambo?

#60 Mwl_Butimba
Ngoja nitume lokesheni.